Wageni Wasimame

Asubuhi niliyoondoka Mbaha sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikakunja mkeka, nikamwambia mwenye nyumba kwamba natoka kunyoosha miguu. Akacheka. Alikuwa ameshanijua: mtu anayekwenda kunyoosha miguu akiwa na sufuria yake mkononi, huyo harudi leo.

Ziwa lilikuwa limetulia. Mbali kidogo, juu ya maji, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi wa nyumba inayoungua. Mara ya kwanza kuwaona nilipiga kelele za kuita watu wazime moto, na wanawake walionisikia wakanicheka wiki nzima. Baadaye walinionjesha andazi la wadudu hao hao. Lina ladha ya kitu kilichokaa karibu na samaki bila kuwa samaki. Nilikula matatu.

Lakini asubuhi ile sikukaa kuwatazama. Jana yake, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, yaani dagaa wa ziwa letu, mama mmoja anayepandisha usipa milimani kuwauza alikuwa ameniuliza:

“Wewe si wa kule juu, upande wa Maguu?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi kanisa lenu limehama.”

“Kanisa linahamaje, mama?”

“Linahama kama watu wanavyohama. Mabati vichwani mwa wanaume, mlango mgongoni mwa katekista wenu, na kengele wanaigonga njiani kama wanampeleka bibi harusi. Nimepishana nao kwa macho yangu. Wote wameshushwa barabarani, kijiji cha ujamaa.”

Nilicheka, nikaendelea kugeuza usipa. Halafu nikagundua kwamba nageuza wale wale niliokwisha kuwageuza.

Nieleze kidogo. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la tano, na si kwa sababu ya ujinga. Wapima ardhi walipita kwetu na chombo chao cha miguu mitatu, nikawafuata ili nione wanachokiona ndani yake. Waliponiruhusu kuchungulia, niliona kilima chetu kimepinduka kichwa chini, nyasi juu, mbingu chini. Baada ya hapo darasa lilinishinda. Wazazi walikuwa wamefariki zamani, baba mkubwa aliyenilea alikuwa na wake wa kuwafikiria na watoto wengi kuliko viti, na hakuna aliyenishika mguu. Kila kiangazi nilikwenda. Nimewahi kusomba matofali Songea, nimewahi kuchunga punda wa mtu Kitai, na kiangazi kile nilikuwa nimeshuka ziwani nijifunze jinsi nyavu zinavyoshonwa.

Mahali pamoja tu ndipo nilipokuwa narudi, napo palikuwa kigango. Kigango ni kanisa dogo lisilo na padre wake. Padre alifika kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, au pale barabara ilipomruhusu, na Jumapili nyingine zote katekista ndiye aliyetuongoza. Kigango chetu kilikaa juu ya mgongo wa kilima, katikati ya kahawa. Mvua zilipokaribia nilitokea, nikaketi upande wa wanaume, na baada ya ibada katekista aliniambia neno lile lile: “Umerudi? Basi Jumapili ijayo usiimbe kama unaita ng’ombe.” Ndiyo ilikuwa karibu yangu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, wala nitakaa hadi lini.

Ziwani niliwahi kusali na Waanglikana, maana ndio wenye pwani ile. Walinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoona tatizo. Mgeni husifiwa hata akiimba vibaya. Kiangazi chote hakuna mtu aliyenikemea kanisani, na nilianza kujihisi kama mtu asiye na uzito.

Sasa mama yule ananiambia wamehama wote. Swali lililonikaa moyoni lilikuwa moja: je, mimi nimehama pamoja nao, au nimeachwa kule juu kama ukuta? Ndilo lililonitoa kwenye mkeka. Mengine sikuyapanga.

Nilipanda siku nzima. Miombo ilikuwa imevaa yale majani yake mekundu ya kusubiri mvua, na chini ya miti masuku yalianza kuanguka. Nilikula nikitembea, nikitema mbegu. Jioni nililala kwa watu karibu na ukingo wa milima, na Jumamosi, jua likiwa halijawa kali, niliona ngoro za kwetu, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko, kilima kizima kimetobolewa kama sega la nyuki. Nikajua nimefika. Kisha nikaona nyumba hazina paa.

Ni vigumu kueleza kimya cha mahali palipokuwa na watu. Kahawa ilikuwepo, imesimama katika mistari yake, maana kahawa haihamishwi. Jogoo hakuwepo. Kuta za kigango zilikuwa zimesimama, juu yake wazi. Nguzo ambapo tulitundika kengele, ile rimu ya lori, ilikuwa na alama ya waya tu. Niliingia kupitia mahali palipokuwa na mlango. Mabenchi yetu yalikuwa ya udongo, yamejengwa sakafuni, kwa hiyo yalibaki. Niliketi kwenye langu. Nikatazama chini nikashangaa: sakafu ilikuwa imefagiwa. Si jana wala juzi. Ilikuwa imefagiwa asubuhi ile ile, mistari ya ufagio ikionekana.

“Nani huyo amekaa bila kupiga goti?”

Nilisimama haraka. Alikuwa bibi mmoja wa kwetu, mjane, aliyekuwa akiketi mbele kabisa upande wa wanawake na ambaye hakuna wimbo uliokwisha kabla yake. Ufagio ulikuwa mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele, amina.”

“Aa! Hujasahau. Nilidhani watu wa ziwani wameshakugeuza.”

“Bibi, wewe ndiye unayefagia?”

“Nani mwingine? Nikija kupalilia kahawa naanzia hapa. Sisi tuliambiwa tuhame, tukahama. Mungu sijui kama aliambiwa. Nafagia tu.”

Nilimuuliza kuhusu baba mkubwa. Akaniambia kwamba yeye na watu wake hawakushuka na wengine. Walikwenda upande wa Kitai, kwenye ardhi tambarare, na sasa wana kijiji chao huko. Alinitazama nikipokea habari hiyo, kisha, pengine ili nisikae nayo sana, akanipa kazi. Alikuwa amekuja kuchukua jiwe lake la kusagia, lile la chini, ambalo kwenye kuhama hakuna aliyekubali kulibeba.

“Huko chini hakuna mashine, bibi?”

“Mashine iko Kitai. Wewe unataka nibebe gunia mpaka Kitai?”

Nikalibeba. Lilikuwa jiwe la kuzaliwa na kufa nalo. Kabla hatujavuka kijito cha kwanza nilikuwa nimeshalihamisha kutoka bega hadi bega mara nyingi, na bibi, aliyekuwa mbele yangu na ufagio begani, hakuacha kunipa maneno.

“Kiangazi chote unakula samaki, na jiwe la mwanamke linakushinda! Ni ule ugali wao wa muhogo. Unajaza tumbo, hauingii mkononi.”

“Bibi, huko mlikohamia kukoje?”

“Nyumba zimepangwa kama watoto wa shule wakati wa kukaguliwa. Ukitoka mlangoni unamwona jirani anakoga. Ukikohoa, mstari mzima unakupa pole.” Alitembea kidogo. “Lakini maji yako karibu. Hilo silikatai. Na aliyekusogezea maji huwezi kumsema vibaya kwa muda mrefu.”

Nilimwambia nataka kukaa huko. Nilikuwa sijajiambia mwenyewe neno hilo, lilinitoka tu nikiwa chini ya jiwe. Bibi hakugeuka.

“Kwa nani?”

“Kwa kigango.”

“Mm,” akasema.

Kijiji kipya kilikuwa kwenye uwanda, kando ya barabara ya magari. Nyumba nyingi zilikuwa nguzo na fito tu, nyingine zimekandikwa nusu, na kati yake vigingi vyeupe vilionyesha mahali nyumba nyingine zitakapokuja. Watu walikuwa wengi kuliko wa kwetu. Walikuwa wameletwa kutoka vilima vitatu, kila kilima na kigango chake, na nyuso nyingi sikuzijua. Hata hewa ilinuka tofauti, udongo mbichi na nyasi zilizokatwa.

Kabla sijatua jiwe, mtu mmoja mrefu alikuja na kusimama mbele yetu. Bibi alininong’oneza kwamba ndiye balozi wa nyumba kumi wa mstari ule, mtu wa kilima cha pili. Nilimwamkia.

“Marahaba. Kijana, wewe ni wa nyumba gani?”

“Mimi ni wa kigango, balozi. Kile cha juu.”

“Kigango si nyumba. Hapa kila mtu ana nyumba yake, na kila nyumba ina balozi wake. Wako ni nani?”

“Nina baba mkubwa tu.”

“Yuko wapi?”

“Nasikia yuko Kitai.”

“Basi wewe ni wa Kitai.” Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudisha kuku wa jirani. “Leo ulale hapo kwa bibi, wewe ni mgeni wetu. Kesho kanisani, wakiita wageni, usimame tukuone, tukupigie makofi. Keshokutwa lori la mahindi linakwenda Kitai. Nitamwambia dereva.”

“Balozi,” bibi akasema, “huyu tulimfundisha kusali sisi.”

“Na mlimfundisha vizuri, bibi. Lakini nimhesabu kwa nani? Hana nyumba, hana mke, hana kiwanja. Siwezi kumhesabu hewani.”

Nililala jikoni kwa bibi, kati ya wajukuu na kuku. Katekista sikumwona siku hiyo. Alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa upande wa pili wa mto. Nilifikiri sana. Balozi alikuwa na haki yake. Mimi mwenyewe nisingejua pa kujihesabu. Lakini nilijua jambo moja kwa hakika ya mtu aliyekwisha kuwa mgeni mahali pengi. Ukisimama mbele ya watu ukapigiwa makofi ya mgeni, basi umekwisha kuwa mgeni. Makofi yale ni mazuri na yanakusindikiza mpaka barabarani. Nikajiambia: wakiita wageni, sisimami. Hata balozi anivute.

Asubuhi nilisikia kengele. Ilikuwa rimu ile ile, sauti yake ya kukwaruza haikubadilika, na nilikwenda mbio kama mtoto aliyechelewa.

Kanisa lilikuwa kiwanja cha mwisho cha mstari. Nguzo zilikuwa zimesimama, paa limeezekwa kwa mabati ya zamani, kuta hazijakandikwa. Mwangaza uliingia kutoka kila upande, na kutoka juu pia, kwa sababu matundu ya misumari ya zamani hayakukutana na mbao mpya. Kila mtu alikuwa na doa la jua mahali fulani. La kwangu lilikuwa gotini. Nyuma ya altare walikuwa wamefunga chumba kidogo kwa matete, kikakandikwa tayari, ili padre akifika apate pa kulala.

Katekista aliniona alipokuwa akiingia. Aliinua nyusi, akashusha, akaendelea na ishara ya msalaba.

Ibada haikwenda vizuri. Lazima niseme ukweli. Wimbo wa kwanza tulianza wote pamoja, na kufika ubeti wa pili tulikuwa vigango vitatu tena. Wa kwetu tulivuta, wa kilima cha pili walikata maneno, na wale wa tatu walikuwa na tabia ya kurudia mstari wa mwisho, kwa hiyo tulipokwisha wao walikuwa bado wako njiani. Katekista alisimama akisubiri kwa uso wa mtu anayepisha ng’ombe. Katika masomo, watu wa kila kilima walikuwa wamekaa pamoja na watu wao, na katikati palikuwa na njia nyembamba za sakafu tupu. Wakati wa kutakiana amani watu walipeana mikono, lakini hawakuvuka njia zile.

Nje, akiegemea nguzo, alikuwa bwana maendeleo. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Tanga, Mwislamu, ndiye aliyevuta kamba za katani na kupiga vigingi vya kijiji kizima. Kila Jumapili alikuja kusubiri matangazo, maana hakukuwa na saa nyingine ya kuwapata watu wote ili awaambie habari za shamba la kijiji. Alivua kofia yake wakati wa sala na kuivaa wakati wa nyimbo.

Ndipo matangazo yakafika. Katekista alikunja kitabu chake, na kwa mazoea ya miaka yake yote akasema:

“Kila aliye mgeni mahali hapa asimame, tumwone.”

Balozi aligeuka akanitazama. Alinipa ishara kwa kidevu, taratibu, kama baba. Nilikaza macho kwenye doa la jua gotini.

Nikasikia mtu anasimama. Sikuwa mimi. Alikuwa bibi, mbele kabisa.

“Bibi, kaa,” katekista akasema. “Nimesema wageni.”

“Nimesikia, mwalimu.”

“Wewe ni mwenyeji.”

“Mwenyeji wa wapi? Hapa sijazika mtu, sijazaa mtu. Hata mchicha wangu haujaota. Umesema kila aliye mgeni mahali hapa. Mimi ni mgeni.”

Alisema kwa Kiswahili, kisha akasema tena kwa Kimatengo, polepole, ili wazee waliokuwa nyuma wasikose. Mzee mmoja wa kilima cha tatu alikohoa, akashika fimbo, akasimama. “Kama yeye ni mgeni, mimi je? Yeye anaona kilima chake kutoka hapa. Mimi changu sikioni.” Akasimama mke wake. Wakasimama watu wa kilima cha pili, kwanza wanawake. Haikuwa fujo na haikuwa mzaha, angalau mwanzoni. Walisimama mmoja mmoja, kama watu wanaokiri jambo ambalo kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa analia bila kujificha.

Bwana maendeleo akachungulia kati ya fito. “Jamani, kuna nini? Mbona wote mmesimama?”

“Wageni wanasimama,” mtu akamjibu.

“Basi na mimi! Mimi natoka Tanga, tena hata dini si yangu.” Akavua kofia.

Hapo kicheko kikaanza. Kilianzia upande wa wanawake kikavuka zile njia za sakafu tupu. Balozi mwenyewe alikuwa amesimama, nadhani bila kujua. Katekista alitazama huku na huku, akatingisha kichwa. “Haya, ndugu zangu. Hata mimi, kwa hesabu hiyo, ni mgeni.” Kisha akanyoosha shingo. “Nani yule amekaa?”

Vichwa vyote viligeuka. Kuketi peke yako kati ya watu waliosimama ni kama kuwa kisimani. Niliona viuno, kanga, fimbo, na mbali juu nyuso.

“Wewe!”

“Naam, mwalimu.”

“Husimami?”

“Sisimami, mwalimu. Mimi si mgeni.”

“Umefika hapa lini?”

“Jana.”

Nadhani watu wa barabarani walisikia kile kicheko. “Jana!” mzee wa fimbo alipiga kelele. “Sisi tuliolalia mikeka hapa miezi mizima ni wageni, na huyu wa jana ndiye mwenyeji!”

“Mwacheni ajibu,” katekista akasema. Hakuwa anacheka. “Mwenyeji wa nini?”

Sijawahi kuwa msemaji. Niliongea na goti langu zaidi kuliko na watu.

“Pa kukaa sina, mwalimu, balozi anajua. Lakini bati lile lenye kunyanzi nililipigilia mimi, kule juu. Sala nimezijua kwako. Nimekwenda ziwani, nikarudi, nikakuta mmehama, nimewafuata. Kila mahali ninapofika mimi ni mgeni, wala sinung’uniki. Lakini hapa nikisimama, sijui ni wapi tena nitakaa.”

Kicheko kilikwisha kama maji yanavyoingia mchangani. Mtoto wa yule mama alipiga chafya. Katekista alipangusa paji la uso.

“Vizuri,” akasema. “Kama wewe ndiye mwenyeji, una kazi. Wageni wamesimama muda mrefu. Wakaribishe.”

Desturi ilikuwa kwamba mtu mzima wa kigango ndiye awakaribishe wageni, na kuna maneno yake, marefu, yenye shukrani kwa Baba Askofu na kwa waliotangulia. Sikukumbuka hata moja.

“Karibuni,” nikasema. “Kaeni.”

Wakakaa. Kanisa zima, mzee na fimbo yake, balozi, katekista kwenye kiti chake, wote wakakaa kwa neno langu. Na kwa kuwa walikaa kwa mara moja, bila kutazama, wengi hawakurudi pale walipokuwa. Njia zile za sakafu zilikuwa zimejaa watu.

Balozi ndiye wa kwanza kuinuka tena. “Mwalimu, kucheka tumecheka, na kulia tumelia. Lakini bado nauliza. Huyu nimhesabu nyumba ya nani?”

“Balozi gani huyu wa nyumba kumi mwenye nyumba tisa?” bibi akasema bila kugeuka.

Kelele zikaanza tena. Baadaye ndipo niliambiwa kwamba familia iliyopewa kiwanja kile cha mwisho ilikuwa imerudi juu kwenye kahawa yake kimyakimya kabla ya kujenga, kanisa likawekwa hapo, na balozi hakupenda kukumbushwa.

“Nyumba ya kumi itapatikana,” akasema kwa ukali.

“Imekwisha kupatikana,” katekista akasema. “Si hii tuliyomo?”

“Kanisa si nyumba, mwalimu.”

“Ulipowaomba watu wakate nguzo uliwaambia wanajenga nyumba ya Mungu. Nilikuwepo.”

Balozi alitazama nje, kwa serikali. Bwana maendeleo alikuna kidevu. “Mimi kwenye mstari huu nilipima viwanja kumi. Hiki ni cha kumi, na kamba yangu haidanganyi. Anayelala ndani, hilo mmalizane wenyewe.”

Balozi alianza kuhesabu midomoni. Kisha akasema kitu ambacho nimemheshimu kwacho tangu siku hiyo. “Kama ni nyumba ya kumi, basi kesho itoe jembe moja shamba la kijiji kama nyumba nyingine. Na kuta zake zikandikwe kabla ya mvua, maana naona mwenye nyumba amekuja.”

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!” mzee wa fimbo akasema. “Huyu hata ya pili haijaisha!”

“Ndiye mwenyeji huyo,” wanawake wakajibu.

Wimbo wa mwisho tuliuimba vibaya kama wa kwanza. Lakini tuliuharibu pamoja. Katekista alinipitia mlangoni akanishika bega. “Chumba cha padre ni chako. Akija padre unahamia kwenye benchi. Na Jumapili ijayo usiimbe kama unaita ng’ombe.”

Mchana ule nilifagia chumba. Kilikuwa kidogo, ukilala, miguu ilikaribia mlango. Kilinuka udongo mbichi na matete. Kulikuwa na kitanda cha kamba cha padre, ambacho sikuthubutu kukigusa, na rundo la nyasi zilizobaki nyumba za jirani zilipoezekwa. Watu wa vilima vyote walipita mmoja mmoja. Mmoja aliacha mkeka mlangoni, mwingine kibuyu, mwingine akachungulia tu, akasema “Aa,” akaenda zake. Nilitua sufuria yangu kwenye mawe matatu nyuma ya kanisa, nikaweka maji.

Nilikuwa nimechuchumaa pale moto ukikataa kushika, nikasikia mtu mlangoni.

“Hodi humu ndani!”

Niligeuka kutazama nani atajibu. Katika maisha yangu nilikuwa nimebisha hodi Songea, Kitai, Mbaha, kwa watu wema na kwa watu wenye mbwa. Kuitikia, sikuwahi. Ile hodi ikaja mara ya pili, na nikaona kwamba hakuna mwingine.

“Karibu,” nikasema.

Alikuwa balozi. Alikuwa amevaa shati jingine, safi, lile la kutembelea nyumba zake. Aliinamisha kichwa akapita mlangoni. Nilimfuata ndani. Sikuwa na kiti cha kumpa, nikamwonyesha rundo la nyasi. Akaketi juu yake kwa heshima zote, magoti yakifika kifuani, akatazama kuta, akatazama paa, kama balozi anavyopaswa.

“Habari za nyumba?”

“Nyumba haijambo, balozi,” nikasema. “Ila chumvi ndiyo hatuna.”

Aligeuza kichwa kuelekea nyumba ya tisa, akaita kwa sauti waniletee.